Breki na Posa ya Runingani

Wahenga hawakupayuka waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu chenye thamani hakihitaji kupigiwa tarumbeta ili kionekane, ilhali kilicho duni hakitulii. Huzunguka huku na huko kikijinadi na kutafuta wa kukisifu. Mwalimu mmoja wa udereva aliujua ukweli huu mbele ya kamera, siku ambayo subira yake, iliyosifiwa na wote, ilimwishia.

Wanafunzi wake walimwita Breki. Aliketi kiti cha abiria, mguu wake karibu na breki ya pili, akiwafundisha watu kurudi nyuma na kuegesha gari. Hakupandisha sauti hata walipoyagonga mapipa ya mazoezi yakabiringika hadi kwa jirani. "Gari halina haraka," alizoea kusema. "Mwenye haraka ni wewe."

Shangazi yake aliyemlea hakuwa na subira hata ya kuazima. Kila harusi ya mtaani ilimtonesha kidonda, kwa kuwa Breki alikuwa amekwisha kuuaga ujana wa kwanza na posa haijabisha hodi. Ndiye aliyelipeleka jina lake kwenye "Posa Mubashara", shindano la runinga ambamo wanawake kumi waliwania kuolewa na mwanamume mmoja.

"Shangazi, mtu hutafutiwa mume kwenye runinga?"

"Runinga ina watu, mwanangu. Kwenye uwanja wako unakutana na mapipa tu."

Breki alikubali shingo upande, akaomba likizo.

Jumba la mashindano lilipendeza kama picha ya kalenda, na kama picha, nyuma yake hapakuwa na kitu. Vitabu vya sebuleni vilikuwa vimechorwa ukutani. Mposaji, kama alivyoitwa mwanamume huyo, alikuwa mtanashati mwenye meno meupe pe, na hakupita penye kioo bila kujisalimia. Wanawake walitakiwa kugombana walipokuwa wamepatana, na kulia walipokuwa wameshiba. "Lia tena, taa haikukaa vizuri," aliamuru mtayarishaji, mwanamke mkavu asiyevua vipokea sauti masikioni. Breki alimeza hayo yote kama dawa chungu, akijiambia kwamba mvumilivu hula mbivu.

Alilala chumba kimoja na Muuguzi, mwanamke mpole aliyefanya kazi wodi ya wazee. Mchana mmoja, walipokuwa wakingoja kuitwa, Muuguzi alimfunulia moyo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji uliomnyima uwezo wa kuzaa, na mchumba wake wa kwanza akamkimbia.

"Sijamwambia mtu humu ndani," alisema. "Nitamwambia Mposaji mwenyewe, tukiwa wawili."

"Siri yako iko kaburini," Breki alimjibu, akamshika mkono. Wote wawili walisahau kwamba vinasa sauti vilivyobanwa kwenye nguo zao havikuwahi kusinzia.

Siku ya fainali walibaki watatu. Nyuma ya pazia, mtayarishaji alimvuta Breki kando.

"Leo utaulizwa mwenzako anaficha nini. Unajua la kusema."

"Sijui."

"Unajua, nimesikia kila neno. Ukilisema, pete ni yako. Usiposema, utarudi kwenu mikono mitupu."

Kupitia mwanya wa pazia, Breki alimwona shangazi yake safu ya mbele, amevaa gauni jipya, akimwonyesha jirani yake kiti cha mshindi jukwaani ambacho mpwa wake angekikalia. Angewezaje kumrudisha nyumbani na aibu? Na angewezaje kumchinja mwenzake kwa ulimi?

Ngoma zilipigwa, wakaitwa jukwaani. Mposaji alimkaribia Breki taratibu.

"Unalala chumba kimoja na mwenzako huyu. Ana siri gani ambayo mume anapaswa kuijua?"

Muuguzi alikuwa amekunja pindo la nguo yake mikononi, macho yamemtoka kama aliyeona gari likimjia.

"Muulize mwenyewe, mkiwa wawili," alisema Breki.

"Nakuuliza wewe. Anayenipenda hanifichi kitu." Kisha Mposaji akainama kana kwamba anambusu shavuni, akaziba kinasa sauti kwa kiganja na kumnong'oneza, "Sema tu. Mimi nimeshaambiwa. Watu wanasubiri."

Hapo ndipo kamba ilipokatika. Breki alihisi damu ikimchemka hadi utosini, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ileile ya uwanja wa mazoezi.

"Huyu bwana anaijua tayari siri anayoniuliza. Ameniambia sasa hivi sikioni. Hataki kujua, anataka mwenzangu aaibike mbele yenu. Nimelia kwa amri, nimecheka kwa amri. Hili siliwezi."

Alichomoa kinasa sauti, akamwekea Mposaji kiganjani, akashuka ngazi. Mtayarishaji alipunga mikono kama anayefukuza nyuki, akitaka matangazo yawekwe upesi. Hayajawekwa bado, Muuguzi naye akavua chake na kufuata. Pete alivishwa wa tatu, aliyekuwa akiitwa Malkia, naye aliipokea huku akiuangalia mlango.

Ndani ya teksi, shangazi alikuwa amevimba kama hamira.

"Umenivua nguo mbele ya ulimwengu."

"Shangazi, kuna mwingine aliyekuwa akivuliwa."

Siku kadhaa shangazi alikula chumbani kwake, na Breki aliyesifiwa kwa utulivu alilala akijiuliza kama amejiharibia.

Alirudi kazini akitarajia kuchekwa. Badala yake, watu walimiminika wakimtaka "yule aliyekataa kusema", bila tangazo wala bango. Kati yao alikuwepo fundi wa kuchomea vyuma, mwanafunzi wake wa tangu awali, ambaye alikuwa amekataa kufundishwa na mwingine Breki alipokuwa likizo.

"Kwa nini ulisubiri? Ungeshapata leseni," Breki alimwuliza.

"Mwingine angenifundisha gari tu," alijibu fundi, macho yamekwama kwenye usukani. "Kwako nilikuwa najifunza na utulivu."

Haukupita muda mrefu, dada wa fundi akabisha hodi kwa shangazi, akaeleza kwamba kaka yake alimpenda Breki tangu kabla ya runinga, ila alikuwa akiona haya. Shangazi alimhoji kama hakimu. Breki alipoulizwa, alitabasamu.

"Apite mtihani kwanza. Sitaki waseme nimempendelea."

Fundi alianguka mara ya kwanza, kwenye kurudi nyuma. Mara ya pili akapita. Harusi ilikuwa ndogo, na Muuguzi aliketi kando ya shangazi kama binti wa nyumba.

Jioni moja, maharusi walipokuja kumtembelea shangazi, runinga ilimwonyesha Mposaji katika shindano jingine, stesheni nyingine, akiwaapia wanawake wapya kwamba hajawahi kupenda. Malkia alikuwa amekwisha kuachwa.

"Huyu bado anazunguka?" shangazi aliuliza.

"Bado, Shangazi."

Shangazi aliizima runinga. "Siku ile nilikukasirikia bure, mwanangu," alisema, kisha akamsogezea mkwewe kiti karibu na meza.

Naam, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.