Pembea ya Sultani na Cheti cha Bi Somoe

Palikuwa na sultani, jina lake Mudhihiri, aliyewapenda mno watu wake, hasa wakiwa wamepanga foleni. Akawajengea bustani. Na bustani yenyewe, jamani, ilikuwa bustani! Tausi wanaringa, tembo wa mbao wanazungushwa na punda, na pembea ndefu ya kumfikisha mtu usawa wa minazi. Anayetaka kuingia mwaka mzima alinunua cheti chenye muhuri wa Sultani, basi, kila Ijumaa pembea ni yake.

Mwezi wa Rajabu vyeti vikauzwa. Mwezi uliofuata ikaingia tauni. Sultani akafunga milango, akaweka askari kumi na wawili wenye mikuki, na watu wakajifungia majumbani. Tauni ilikaa miezi kumi na moja. Ilipoondoka, Sultani kwa huruma yake akafungua bustani. Akaifungua lini? Siku ileile vyeti vilipokwisha muda! Ana bahati na tarehe huyo, wacha tu.

Mpiga mbiu akapita mitaani: "Mwaka ni mwaka! Vyeti vya zamani vimekufa! Mwenye kutaka pembea anunue kipya, na mwenye kulalamika atafungwa mahali pa punda, awazungushe wenzake!"

Watu wakadhani ni mzaha. Fundi mmoja wa makuti akalalamika asubuhi. Adhuhuri alikuwa anazungusha tembo, kijasho kinamtoka. Mji mzima ukatulia tuli.

Isipokuwa Bi Somoe, mkaanga vitumbua. Mwanamke huyu alikaa mbele ya moto tangu ana miaka saba. Wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alikuwa akigeuza vitumbua. Cheti chake alikinunua kwa jasho la miaka miwili, akapanda pembea Ijumaa nne tu, na kila mara alishuka analia kwa raha, mtu mzima na mvi zake. Alitaka pembea yake, hana habari ya heshima. Mwezi wa mlisho, Ramadhani inabisha hodi, akajitwisha sinia, akaenda barazani kwa Sultani.

Sultani alikuwa ameketi, midomo imemkauka, uso umemkunjamana. Waziri Faki yuko pembeni na kalamu yake.

"Shikamoo, Maulana. Nimekuja kuomba miezi yangu kumi na moja."

"Miezi gani? Kwani jua liliacha kuchomoza?"

"Lilichomoza, Maulana. Nililiona dirishani. Ila mimi sikununua jua, nilinunua pembea."

"Pembea ilikuwepo palepale! Nani alikuzuia kuipanda?"

"Askari wako kumi na wawili."

"Niliwaweka kwa ajili ya afya yako, mwanamke!"

"Ahsante sana, Maulana. Afya ninayo, hii hapa. Imebaki pembea."

Watu barazani wakajikohoza. Wengine waliinama wakajifanya wanatafuta viatu.

Sultani akapandwa na hasira. "Unajua tausi wangu walikula kiasi gani miezi yote hiyo? Unajua tembo nimewapaka rangi mpya?"

"Hongera zao. Wamekula vizuri kuliko mtaa wetu."

"Faki! Punda kesho apumzike. Tumepata mwingine."

Bi Somoe akayatazama magoti yake. Kuzungusha tembo kwa magoti yale? Angekufa kabla ya Ijumaa. Lakini ulimi wake haukujua kurudi nyuma.

"Sawa, Maulana. Lakini nikiwa nazungusha watu wataniuliza kosa langu, na mimi nisije nikawaeleza vibaya. Sheria yenyewe inasemaje?"

"Inasema hivi: siku iliyopita imepita. Hairudi wala hailipwi. Hata kama mlango ulifungwa, hata kama kulikuwa na maradhi, muda haumngoji mtu. Faki, andika, upige na muhuri!"

Waziri akaandika, akapiga muhuri. Bi Somoe akashusha sinia, akafunua kawa. Vitumbua! Vya moto, vimevimba, harufu ya iliki ikajaa baraza nzima. Akavisogeza mpaka magotini kwa Sultani.

"Karibu, Maulana. Kula."

Sultani akameza mate. "Ondoa! Nimefunga."

"Umefunga? Huu si mlisho, mwezi wa watu kula? Ramadhani bado."

"Nalipa, mwanamke! Ramadhani iliyopita tauni ilinishika, nikala siku ishirini na tatu. Mwaka mzima nimekuwa nikiahirisha, sasa Ramadhani nyingine imefika, nakimbizana nazo."

"Pole sana. Lakini Ramadhani ile si ilikwisha? Mwezi uliandama, Idi tukaila. Siku iliyopita hailipwi. Neno lako hilo, Maulana, wino haujakauka. Kula tu kitumbua."

"La haula! Unataka kunitia motoni? Niliugua! Mgonjwa hula, akipona analipa siku zake. Hata mtoto wa chuoni analijua hilo!"

"Lakini mwaka si mwaka?"

"Kwa mtu aliyezuiliwa na maradhi? Siku zake zinamngoja mpaka aweze! Ndiyo haki hiyo!"

Waziri Faki akaweka kalamu chini taratibu. Bi Somoe akafunika vitumbua vyake, akajitanda kanga vizuri.

"Alhamdulillahi. Basi, Maulana, Mungu mwenye Ramadhani yake kakungoja wewe mwaka mzima. Pembea yako ya mbao ndiyo tukufu zaidi, hata ishindwe kumngoja Somoe?"