Mtani na Jina la Lukwembe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya babu zenu, ni ya juzi tu, palikuwa na kijiji kikiitwa Lukwembe. Sasa hakipo. Kiko chini ya maji. Lilijengwa bwawa la umeme, tukapakiwa kwenye malori pamoja na kuku wetu, tukamwagwa mahali panapoitwa Mji Mpya. Kaeni vizuri mnisikilize, wala msinikatize, maana hadithi hii naisimulia nikiwa na hasira na sitaki kutulizwa.

Makaburi yetu hayakuhamishwa. Waliosema watayahamisha walisema tu. Akabaki mtu mmoja aliyejua nani amelala wapi, naye alikuwa Bi Sikujua, bibi wa miaka themanini na tatu. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini ukikaa naye mkekani alikuwa anakutajia makaburi mia nne na kumi na mawili, ukoo kwa ukoo, kuanzia kisimani mpaka kivukoni.

Basi zikaja habari. Kuna ofisi moja ng'ambo inayogawa yale maneno ya mwisho katika anwani za mtandao, yale yanayokaa baada ya nukta. Ofisi hiyo ilikuwa imeanza kupokea maombi ya majina mapya. Mwalimu Lugendo, katibu wetu, akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "ardhi wametunyang'anya. Tuombe jina. Tukilipata, kila kaburi litakuwa na anwani yake, na kila anwani itaishia na Lukwembe. Mjukuu wako awe popote duniani, ataandika jina la babu yake, ataweka nukta, ataandika Lukwembe, na atafika."

Bi Sikujua akalia palepale. Akasema, "Nifikisheni huko kabla sijafa."

Lakini jina hilohilo lilikuwa na mwombaji mwingine. Kampuni moja inachota maji ya lile bwawa, inayasafisha, inayatia kwenye chupa na kuyauza. Maji yaliyowafunika mama zetu wameyaita Lukwembe, na chupani wamechora ua. Nikiikuta dukani naigeuza itazame ukuta. Sheria ya ofisi ilikuwa hivi: jina likigombaniwa, jamii yenye jina hutangulizwa, mradi ithibitishe kuwa ni jamii kweli na kwamba majirani wanaikubali.

Mwalimu Lugendo akaandika maombi miezi minane. Maswali yalikuwa mengi kuliko mtihani wowote aliowahi kuusahihisha. Nani ataruhusiwa kuandikisha anwani? Mitambo itatunzwa na nani? Mkishindwa, wenye anwani watakimbilia wapi? Akajibu yote. Akakaa na Bi Sikujua mkekani, akaandika majina mia nne na kumi na mawili kwenye daftari. Ikabaki barua moja tu, ya jirani.

Majirani zetu ni Wanyingu, nao ni watani wetu. Mnyingu akija kwangu anakamata kuku bila kuomba, nami nanyamaza. Nikifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, na huku anachimba ananiambia nimelia vibaya, nirudie. Ndivyo tulivyo. Mwenyekiti wao, Mzee Chande, akaombwa barua. Akaiandika, akaigonga muhuri. Mwalimu akatusomea mkutanoni:

"Hawa Walukwembe tunawajua. Ni wezi wa mihogo na walaji wa vyura. Hilo jina tuliwaazima sisi, na hawajarudisha. Wapeni, msiwape, shauri yenu. Ila jueni kwamba wakifa tutawazika sisi."

Tukacheka. Bi Sikujua alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Na mimi nilicheka. Maana sisi tulisikia kilichokuwamo: hawa ni watu wetu. Unamzika nani, kama si mtu wako?

Barua ikahitaji kutafsiriwa. Ikapelekwa kwa Tumsifu, mtafsiri wa kiapo, binti aliyezaliwa mjini, mjukuu pekee wa Bi Sikujua. Akatafsiri neno kwa neno. Wezi, akaandika wezi. Vyura, akaandika vyura. Tutawazika, akaandika tutawazika. Akagonga muhuri wake, akairudisha kimya. Mwalimu akaiambatanisha na maombi, akayatuma.

Ofisi ikajibu. "Majirani zenu wanawaita wezi. Wanadai jina ni lao. Wanatishia kuwazika. Elezeni ndani ya siku thelathini."

Mwalimu akasoma mkutanoni. Tukacheka tena! Jamani, tulicheka tena! Mimi mwenyewe nilisema, "Waache hao, hawajui utani." Hasira ninayoisikia leo kwa neno hilo, acheni tu.

Mwalimu peke yake hakucheka. Akaenda kwa Chande. "Mtani, safari hii niandikie barua ya kawaida. Sema mnatukubali, basi."

Chande akakunja uso. "Barua ya kawaida naiandikia serikali. Wewe ni mtani. Baba yangu alimzika baba yako huku anamtukana, na baba yako alifurahi huko alikokuwa. Leo nikuandikie kama mgeni? Umenifukuza kwenye utani?"

Mwalimu akarudi. Angeweza kuandika maelezo yeye mwenyewe. Alikaa na karatasi mbele yake, siku ya kwanza, siku ya kumi, siku ya ishirini. Akaona haya. Kumweleza mgeni kwamba mtani wako hakumaanisha matusi ni kama kumshitaki, na anayemshitaki mtani wake utani umekwisha. Siku ya thelathini ikapita. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Jina likapewa kampuni ya chupa.

Asubuhi moja Bi Sikujua akawaita Chande, Tumsifu na Mwalimu, wote watatu, uani kwake, na sisi wengine tukasimama ukutani. "Semeni," akasema.

Mzee Chande akasema, "Watani zangu nyie, mimi niliombwa barua na mtani, nikaandika ya mtani. Ningeandika kwa adabu mngeniuliza mmenikosea nini. Aliyewapelekea wageni maneno ya nyumbani si mimi. Muulizeni mtafsiri!"

Tumsifu akasema, "Bibi, niliapa kutafsiri kilichoandikwa, si kilicho moyoni mwa mtu. Ningeongeza neno moja ningekuwa mwongo, na maombi yote yangetupwa. Kweli, nilijua watashtuka. Lakini mimi wa mjini nikisema kitu kuhusu mila, mnaniambia nimepotea. Mara ngapi mmeniambia hivyo? Nikanyamaza. Katibu alikuwa na siku thelathini. Muulizeni yeye!"

Mwalimu Lugendo akasema, "Miezi minane nimeandika peke yangu. Nani kati yenu aliandika hata mstari mmoja? Mlichofanya ni kucheka. Na ningemweleza mgeni, nyie nyie mngesema nimeuza utani wetu kwa ajili ya karatasi. Chande angeniokoa kwa mistari miwili tu. Muulizeni yeye!"

Hivyo lawama ikarudi ilikoanzia, na Bi Sikujua akawatazama mmoja mmoja. Sijawahi kuona hasira tulivu namna ile.

"Makaburi yangu mia nne na kumi na mawili," akasema, "mmewapa watu wa chupa. Mimi nami nitakufa, na sitachelewa. Siku hiyo, mmoja wenu asikanyage kaburini kwangu. Asichukue jembe, asitie udongo, asile matanga. Sisemi ni nani. Mtachagua wenyewe. Mkishindwa kuchagua, mtaniacha juu ya ardhi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Amekufa juzi. Tuko hapa uani kwake na maiti imo ndani, na kaburi bado halijachimbwa, ndiyo maana nawasimulia. Tukimzuia Chande, Wanyingu wote wataondoka naye na hatuna mtani wa kuchimba, na mtu wa Lukwembe hajawahi kuchimbiwa na ndugu yake. Tukimzuia Tumsifu, bibi anazikwa bila damu yake hata tone. Tukimzuia Mwalimu, majina yote yamo kwenye daftari lake na ni yeye tu anayeusoma mwandiko wake, na Bi Sikujua aliomba yasomwe yote kabla ya udongo. Msinitazame mimi. Nimekwisha kusema kwamba nilicheka, na nyie pia mlicheka.

Jua linapanda, na wote watatu wamesimama pale mlangoni wanasubiri. Je, ni nani anayestahili kubaki nje?