Neno Gumu la Bi Namsifu

Sogeeni hapa motoni, wajukuu, na anayetafuna muhindi ameze kwanza.

Mzee Kajiru alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza na kiburi kinene kuishinda. Mtamba wa bibi yangu Namsifu alikula majani ya viazi vya Mzee, basi Mzee akamfungia zizini kwake. "Niletee neno la Kiingereza nisilojua maana yake, umchukue," akamwambia Bibi.

Bibi hakujua hata herufi moja. Asubuhi akafika getini kwake na majirani.

"Shikamoo, Mzee. Brambukwesheni ni nini?"

"Marahaba. Hilo tu? Ni fahari ya wafalme wa zamani!"

"Una hakika ni Kiingereza, baba?"

"Naapa! Nalijua tangu shuleni. Nenda kapike."

Bibi akageukia zizi, akaita, "Brambukwesheni! Njoo, mwanangu!"

Mtamba akalia "mbuu!", akaangusha wigo, akaja kumlamba mkono.

"Ni jina lake," akasema Bibi. "Nilimpa mwenyewe alipozaliwa."

"Basi si Kiingereza!" Kajiru akafoka.

"Mbona umeapa?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilirithi kitukuu wa mtamba yule. Mjukuu wa Kajiru alirithi kamusi, na hadi leo anautafuta ukurasa wenye lile neno.