Mgongo wa Kiboko Chini ya Lori

Paukwa!
— Pakawa!
Lori!
— La wote!
Na magurudumu?
— Ya nani?
Hapo ndipo penye kisa. Sogeeni, wenye masikio.

Hapo kale, katika kijiji kimoja kando ya mto, wanyama walichanga wakanunua lori. Lilikuwa kuukuu, likikohoa kila asubuhi kabla ya kuwaka, lakini gulioni lilifika. Lisipofika, nyanya huozea shambani na watoto hulala njaa. Dereva wake alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, ambaye ilimbidi akalie magunia ndipo aione barabara.

Basi zikaja habari kwamba vijiji vya jirani vimeingiliwa na wezi wa magurudumu. Unatoka nje asubuhi, lori lako limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Wanyama wakaitana, wakashauriana, wakasema, "Kazi ya ulinzi tumpe Bwana Kiboko. Nani atamsogelea?"

Kiboko akakubali, kifua kimemvimba. Wenzake wakienda mashambani, yeye alikaa kando ya lori akiyapapasa magurudumu kama anapapasa watoto wake. Wezi walimwona kwa mbali wakageuza njia. Kazi haikuwa mbaya. Kibaya kilikuwa tumbo lake.

Siku moja Mamba akatoa kichwa majini.

"Ee Bwana Kiboko! Huku kwangu matikiti yanapasuka yenyewe kwa utamu. Wanangu nao wanalilia kitu cha kuchezea majini. Nipe gurudumu, nikupe rundo."

"Magurudumu ni ya kijiji," akasema Kiboko.

"Hata lile la akiba? Hilo si linalala tu?"

Kiboko akalitazama gurudumu la akiba. Kweli, lilikuwa limelala tu. Akafungua nati, kwichi, kwichi, kwichi. Akalisukuma, bingiri, bingiri, bingiri. Likaingia mtoni, chubwi! Akala matikiti, kachu, kachu, kachu, mpaka maji yakamtiririka kidevuni.

Hakuna aliyegundua. Lakini Bi Nguchiro alipopita akamwambia, "Ahsante kwa kazi, kaka," Kiboko alijikuta anatazama vidole vyake vya miguu.

Hazikupita siku nyingi, Mamba huyo tena.

"Nyuma si yamefungwa mawili mawili? Likitoka moja, pacha wake atabeba."

Kiboko akayatazama ya nyuma. Kweli, yalikuwa mawili mawili. Kwichi, kwichi, kwichi. Bingiri, bingiri, bingiri. Chubwi! Kachu, kachu, kachu.

Safari hii wakaona. Na walipolitafuta la akiba ili wafunge, nalo halipo. Kijiji kizima kikajaa pale, kila mmoja anasema lake. "Mlinzi, ni nani aliyepita hapa?"

Kiboko alifungua kinywa aseme hajui. Kikatoka kingine kabisa.

"Mnaniuliza mimi? Fundi wa pancha hapa kijijini ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Nungunungu.

"Mimi?" akasema Nungunungu. "Mimi naziba matairi, jamani, siyaibi!"

Nani wa kumsikiliza? Tangu siku hiyo hakupelekewa pancha hata moja. Kisimani, ndoo ya mkewe ilisukumwa nyuma ya foleni mpaka maji yakabaki tope. Kiboko aliyaona hayo yote kutoka pale alipokaa. Akageuza uso, akavuta tikiti jingine. Akalimeza hivyo hivyo.

Ikafika siku ya gulio kubwa. Alfajiri wakapakia lori: nyanya, mihogo, na mayai ya Bi Kanga ndani ya makapu yenye nyasi. Kisha wakaenda makwao kuoga na kuvaa. Kiboko akabaki peke yake, na Mamba akatoa kichwa.

"Yule pacha aliyebaki, hana upweke?"

Kiboko alitaka kusema hapana. Wallahi alitaka. Lakini upepo ulikuwa unatoka upande wa matikiti. Akaingiza mgongo chini ya lori, akaliinua, akalitoa gurudumu, akapanga mawe mahali pake. Bingiri, bingiri, bingiri. Chubwi! Akala upesi upesi, akarudi kukaa.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Nguchiro. Akayatazama yale mawe: makubwa, ya kubebwa na mwenye nguvu. Akatazama ardhini: hakuna alama ya jeki. Akamtazama Kiboko: mgongoni ana grisi, na mdomoni imemganda mbegu nyeusi ya tikiti. Bi Nguchiro akaupiga teke upande wa mawe, kisha akapiga ukelele.

"Uwii! Kaka, mawe yanateleza! Lori linaanguka! Tia mgongo!"

Kiboko akatia mgongo. Bi Nguchiro akachomoa kijiwe kilichozuia, na mawe yote yakaporomoka mtaroni, guru, guru, guru.

"Shikilia hapo hapo, kaka! Nakimbilia magogo. Ukiachia tu, jasho la kijiji kizima limemwagika."

Akatimua mbio. Wapi magogo! Alipita nyumba hadi nyumba. "Njooni mumwone mlinzi wetu! Mwizi kachukua gurudumu, yeye katoa mgongo!"

Wakaja wote na nguo zao za gulio.

"Mungu akuweke, kaka," akasema Bi Kanga, machozi yakimlenga. "Mayai yangu umeyaokoa. Ni mazito?"

"Si mazito," akasema Kiboko.

"Uzao wako ubarikiwe," akasema Mzee Kobe. "Ni zito?"

"Si zito," akasema Kiboko.

Lori lilikuwa lile lile, lakini kila ahsante iliongeza gunia. Watoto nao wakaanza kuimba na kupiga makofi:

Kiboko wetu, ndiye jeki yetu!
Kiboko wetu, ndiye gurudumu letu!

Jua likapanda. Jasho jekundu la viboko likaanza kumtoka. "Tazameni!" mtoto mmoja akalia. "Anatoka damu kwa ajili yetu!" Kiboko akafumba macho. Angeweza kujifukia ardhini, angejifukia.

Alipoyafumbua, mbele yake alisimama Nungunungu na kata ya maji. Alikuwa amejipinda ubavu, miba yake isimchome.

"Bi Nguchiro kaniambia una kiu," akasema polepole. "Mimi watu wameniita mwizi, ndugu yangu, sina uso wa kusimama hapa. Lakini siwezi kukuacha ukauke kwa kosa la mwingine. Kunywa."

Kiboko akapiga funda moja. Halikushuka.

"Yaondoe hayo maji," akasema.

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mwizi ni mimi. Yote matatu. Yako kwa Mamba."

Watoto walikatiza wimbo katikati. Bi Nguchiro akajikohoza kidogo. "Aa, kumbe magogo haya hapa," akasema, akayavuta kutoka nyuma ya nyumba ya pili, ambako yalikuwa tangu mwaka jana.

Kiboko aliingia mtoni mwenyewe akayarudisha magurudumu, moja baada ya jingine, yakichuruzika maji. Hakupigwa. Hakutukanwa. Bi Kanga alilisogeza tu kapu lake upande wa pili. Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Akamwinamia Nungunungu aliyekuwa anakaza nati. "Nisamehe."

Nungunungu hakuinua kichwa. "Nishikie spana," akasema.

Lori likaondoka, ngurrr, nyanya zikiwa zimelegea kidogo, lakini gulioni likafika. Vumbi lilipotulia, Kiboko akashuka mtoni, akazama mpaka yakabaki macho, masikio na pua. Ndiko anakoshinda mchana kutwa hadi leo. Siku ukipita ukamwona anazama ghafla, usidhani anakuogopa. Anadhani umekuja kumshukuru.

Na funzo? Funzo ni hili: kazi ya kulinda magurudumu mpeni mwizi, maana ndiye pekee anayejua yalipo.

Kisa changu kimefika mwisho wa barabara. Kikiwa kitamu, mpelekeeni jirani. Kikiwa kichungu, nirudishieni nikakitie sukari.