Mkono Ulioogopa Maji

Sogeeni mbele, wapendwa, sogeeni. Viti vya nyuma nimevihubiria miaka mingi na bado vinasinzia. Leo nimewaletea mfugaji.

Huko juu kwenye baridi, ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, aliishi mfugaji mmoja mwenye mkono. Nasema mkono wa kukamua. Wengine walikamua kama watu wanaokamua nguo, yeye alikamua kama mtu anayepiga kinanda. Maziwa yalishuka yakivuma ndani ya ndoo, povu likapanda likataka kumwagika. Alikuwepo ng'ombe mmoja mkorofi aliyewapiga mateke wanaume wazima mpaka wakachechemea. Huyo huyo, akisikia tu kikohozi cha bwana huyu langoni, anapanua miguu mwenyewe na maziwa yanaanza kudondoka. Mnacheka? Mimi sidanganyi nikiwa madhabahuni. Nikitaka kudanganya nashuka kwanza.

Nyumbani kwake alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na kipenzi chake kilikuwa Hereni. Hereni! Ngozi inang'aa, macho kama ya bibi harusi, na kiwele, ule mfuko wa maziwa, kimekaa vizuri utadhani kimeshonwa na fundi. Wageni walipelekwa kumwona Hereni kabla ya kukaribishwa chai.

Sasa sikilizeni siri ya mkono ule. Yeye mwenyewe aliwaeleza watu kwamba siri ni kutokuunawisha. Aliamini kwamba mkono ukipata maji kabla ya kukamua unapoa, na ng'ombe akishikwa na mkono uliopoa anabana maziwa. Basi alikuwa anakamulia matone ya kwanza kiganjani, anayapaka kwenye chuchu zote nne ili ziteleze, halafu anaingia kazini. Akimaliza mmoja anahamia kwa mwingine na mkono ule ule, una joto, umelainika, unanukia maziwa. Begani ana kitaulo cheupe, na kwa kitaulo hicho kimoja anafuta viwele vyote. Watu wakimwona na kile kitaulo wanasema, jamani, huyu ndiye msafi.

Jirani yake alikuwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe na huyu mfugaji walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kwa hiyo waliitana shemeji. Mama yule alipata mtamba, jike ambalo bado halijazaa, kutoka kikundi cha kukopeshana ng'ombe. Mnajua utaratibu wake: unapewa jike, likizaa jike unampa mwenzako anayefuata. Akampa jina Mgeni. Mgeni alipozaa, mama akawa na maziwa ya watoto na ya kuuza kituo cha kukusanyia maziwa, na nyumba ile ikaanza kutoa moshi wa kupika kama nyumba za watu. Ila mama alikuwa ameanguka shambani akavunjika kifundo cha mkono, na mfupa ulipounga vidole vikakataa kufumba. Hawezi kukamua.

Nani alikwenda kumsaidia? Yule yule mwenye mkono. Kila asubuhi na kila jioni akimaliza ng'ombe wake anatupia kitaulo begani, anapita kwenye migomba, anamkamulia shemeji yake bure. Niambieni kanisani, huyu si mtu mwema? Ni mwema! Muweke akilini hivyo, ni mwema, tusije tukamhukumu kabla sijafika ninakokwenda.

Asubuhi moja akashika kiwele cha Mgeni akaona upande mmoja umevimba, mgumu, wa moto kama sufuria iliyotolewa jikoni. Mgeni akaruka. Maziwa ya upande ule yakatoka na mabonge, na siku zilizofuata yakawa majimaji yenye wekundu. Kituoni wakayakataa. Mama wa watu akasimama mlangoni na ndoo yake anaiangalia, maana alijua kiwele kikifa, Mgeni ni wa kuchinjwa, na hakuna kikundi kitakachompa ng'ombe mara ya pili.

Mwenye mkono akatafuta mwenye makosa, na hakutafuta mbali. Akamwambia shemeji yake kwamba banda ni chafu. Mama akafagia. Akamwambia sakafu ina unyevu, mama akang'oa mbao, akazisugua, akazianika juani, akaweka majani makavu. Akamwambia bado kuna harufu. Mama, kwa mkono wake mmoja mzima, akabeba majivu na kumwaga kila kona, mpaka banda lile likawa safi kuliko baadhi ya vyumba tunavyolala sisi hapa, nisiwataje. Mgeni akazidi. Na kila asubuhi bwana yule anafika na kitaulo chake, anatikisa kichwa, anamsomea mama somo la usafi, halafu anakaa kukamua.

Ndipo mama akamwita mtaalamu wa mifugo. Akaja kijana mtaratibu mwenye mkoba, akampima Mgeni, akamtibu, akaagiza maziwa yake yasinywewe wala yasiuzwe mpaka siku za dawa ziishe. Halafu akauliza swali moja tu, nani anakamua hapa. Mwenye mkono akajitokeza kifua mbele. Kijana akamwomba akapime na ng'ombe wake.

Bwana yule akacheka. Akasema twende, na uanze na Hereni, ili nawe ukasimulie huko kwenu kwamba umeona kiwele.

Wakafika. Kijana akatoa sahani yenye vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake. Akakamulia kidogo kidogo humo, maziwa meupe, mazuri, hayana bonge wala doa. Mwenye mkono anatabasamu. Kijana akamimina dawa ya zambarau, akaanza kuzungusha sahani polepole. Kikombe cha kwanza kikacheza kama maji. Cha pili vile vile. Cha tatu kikaanza kuvutika. Cha nne kikaganda, kijana alipoinamisha sahani yale maziwa yakaning'inia kama mlenda, hayataki kudondoka.

Wapendwa, mlenda, kutoka kwa Hereni.

Mwenye mkono akaomba warudie. Wakarudia. Mlenda ule ule. Akasema dawa imeharibika. Wakapima ng'ombe wa pili, sehemu moja ikavutika. Wa tatu, ambaye hana sura wala sifa, yakabaki maziwa matupu.

Kijana akamweleza kwa upole, na hapa nami naomba mtulie kwa sababu jambo hili mimi nilipolisikia nilivua kofia. Kiwele kina vyumba vinne na ukuta kati ya chumba na chumba, kimoja kinaweza kuugua chenzake kikawa kizima. Ili ipatikane lita moja ya maziwa, damu inapita humo mamia ya lita, usiku na mchana, ng'ombe amelala anatafuna. Kwenye ncha ya kila chuchu Mungu ameweka mlango mwembamba. Ukikamua unafunguka, ukimaliza unajifunga, lakini taratibu, unaweza kuchukua karibu nusu saa. Ndiyo maana mtaalamu anakwambia umpe majani baada ya kukamua, asimame ale, asilalie uchafu mlango ukiwa wazi. Na vijidudu vikishaingia, damu inatuma askari. Wanakwenda kwa maelfu na maelfu, wanapigana, wanakufa. Ule mlenda kwenye sahani ni askari wale.

Mnaelewa? Hereni alikuwa vitani. Muda wote ule, wageni wanamsifu, yeye anacheua kimya na ndani mwake jeshi zima linaanguka, na aliyemkamua kila siku kwa mkono wa ajabu hakujua. Bwana yule akaweka kiganja chake kwenye kiwele kile. Hakikuwa cha moto. Hakikuwa kigumu. Kilikuwa kizuri kama jana. Akasimama pale kama mtu aliyeingia patakatifu na viatu.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na Mgeni wa shemeji yangu, aliupata wapi?"

Kijana aliangalia tu kile kitaulo begani.

Akapewa maagizo. Kila ng'ombe na kitambaa chake, kinachemshwa. Matone ya kwanza yakaguliwe kwenye kikombe cheusi, yasipakwe wala kumwagwa sakafuni. Akamuliwe mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Chuchu zichovywe kwenye dawa baada ya kukamua. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe. Yote aliyakubali, isipokuwa hilo la mwisho.

"Mwanangu," akasema, "huu mkono ukipata maji, nimekwisha. Ng'ombe watanibania. Nitakuwa mtu kama watu."

"Basi baba, chagua," kijana akasema. "Uwe na mkono, au wawe na viwele."

Jioni ile alipita kwenye migomba bila kitaulo. Njia ya hatua chache aliiona ndefu. Alimkuta shemeji yake amepiga magoti bandani anasugua ubao ambao ulikuwa mweupe tayari. Akataka kuanza kwa habari za mvua, akaziacha. Basi akasema yote kwa mkupuo: kwamba Hereni anaumwa, kwamba hakuna aliyejua, kwamba ugonjwa ulitoka kwake ukaja kwa Mgeni, na uliletwa na mkono huu.

Mama akaacha kusugua.

"Kwa hiyo shemeji," akasema, "haya majivu yote niliyobeba?"

"Yalikuwa ya bure."

"Na lile somo la kila asubuhi?"

Mama akainuka, akampita bila kumtazama, akaingia jikoni. Mwenye mkono akajua anafuata mwiko au kuni, na akasimama papo hapo, maana aliona ni haki yake. Mama akarudi na birika la maji ya moto, beseni na kipande cha sabuni. Akasimama mbele yake kama wanavyosimama akina mama wakimnawisha mgeni kabla ya chakula, birika ameliegemeza kwenye ule mkono usiofumba.

"Kinga mikono," akasema. "Ng'ombe anasubiri."

"Shemeji, nikinawa mkono utapoa. Nisipoweza kukamua je?"

"Nitakuwa na shemeji asiyejua kukamua. Kinga."

Akakinga. Mama akamimina. Akanawa mpaka viwiko, maji yakaanguka beseni, na bwana yule akalia bila kujificha. Akakaa kwenye kigoda. Akaanza na chuchu nzima. Akashika, akavuta. Kimya. Akavuta tena, kimya. Mgeni akageuza shingo, akamnusa mkono unaonuka sabuni, akahema kwa nguvu. Na maziwa yakashuka yakavuma ndani ya ndoo.

Upande ule uliovimba ulikufa, hautatoa tena. Vyumba vitatu vikabaki, na vinatosha nyumba ile mpaka leo.

Sasa nageuka kwetu. Leo sihubiri walevi, walevi wapumzike. Nawahubiri wale wenye mkono. Wewe unayeongoza kwaya, wewe mzee wa kanisa, wewe mama unayetembelea wagonjwa, mimi ninayeshika Biblia hii. Tunatoka nyumba hii tukiwa na kinyongo, hatunawi, tunaingia nyumba ya pili kufariji. Tunasikia neno kwa mmoja, linakuwa moto kiganjani, tunakwenda kuombea na mwingine kwa kiganja hicho hicho. Kisha nyumba ya mjane ikivimba tunamwambia afagie. Amefagia mara ngapi, ndugu zangu, uchafu ambao ni sisi tumeubeba?

Na sisi ni wazima, si ndiyo? Tunang'aa. Wageni wanatusifu. Lakini aliyetuumba na kutuwekea vyumba ndani yetu anayo sahani, na siku akiizungusha, mimi nawaambia, hakuna hapa ambaye vikombe vyake vyote vitacheza kama maji. Tunaogopa kunawa kwa sababu tunaogopa kipaji kitaondoka, watu watatuona tuko kama watu. Kwani kipaji ni cha nani? Maziwa hayakutoka kwenye mkono hata siku moja. Yalitoka kwa ng'ombe.

Kabla hatujashikana mikono ya amani asubuhi hii, nitaketi. Aliyemfagiza mwenzake bure amfuate alipokaa, amwambie. Na wewe utakayefuatwa, nakuomba kwa jina la Bwana, usichukue kuni. Chukua birika.