Mama Aliyepanda Jukwaani Tema

Ndugu zangu, leo nawapeleka mbali kidogo, mpaka Ghana, kwenye mji wa bandari uitwao Tema. Huko aliishi mama mmoja mjane, muuza kenkey. Msianze kunong'onezana, kenkey ni chakula. Ni unga wa mahindi uliochachushwa, unasongwa, unafungwa kwenye maganda ya mahindi, kisha unachemshwa. Mikono ya mama huyu ilizoea moto mpaka akawa anatoa kenkey sufuriani bila kitambaa. Na mdomo wake nao ulikuwa vilevile, hauogopi kitu. Wateja walimlipa upesi, wakaondoka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo alikuwa mwanamuziki. Jina lake silitaji, maana nawajua, mtalitafuta kwenye simu badala ya kunisikiliza. Aliimba dancehall. Naona vijana mnatabasamu. Wazee wangu, ngoja niwaeleze ninyi: ni muziki uliotoka Jamaika. Spika zake ni kubwa kama kabati, besi inakugonga kifuani, na mwimbaji anamwaga maneno kwa kasi kama mtu anayegombana na jirani.

Kijana huyu alianzia kanisani, kama wengi wenu. Alikuwa kwenye kwaya. Siku moja wakiwa mazoezini akauchangamsha wimbo wa ibada, akaugeuza mapigo, vijana wenzake wakaruka. Wazee wa kanisa wakaitisha kikao, wakamwondoa. Na mama yake alikuwepo siku hiyo. Alikaa benchi la tatu, akaangalia mkoba wake mpaka kikao kikaisha. Hakusema hata neno moja. Yule mwenye mdomo ule!

Basi kijana akaenda na koo lake. Akaimba kwenye harusi, akaimba kwenye misiba, maana wenzetu kule hata msibani huleta spika. Akarekodi nyimbo, akazipeleka redioni. Mtangazaji akamwambia, "Kaka, sauti unayo, lakini unaimba Kiga, lugha yetu ya hapa pwani. Nani atakusikiliza? Imba kama Wajamaika." Kijana akajibu, "Mama yangu hajui Kijamaika. Nikiimba hivyo, nitakuwa namwimbia nani?" Akafungiwa mlango pale. Akaenda redio nyingine, akafungiwa na huko. Miaka tisa, ndugu zangu! Wenzake walibadili lugha wakapata nafasi, yeye akang'ang'ana.

Na mama yake nyumbani alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaomba. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alipiga magoti jikoni na kusema, "Bwana, mkatize mwanangu. Mnyamazishe kabla hajapotea." Miaka tisa ombi ni lilelile. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikiliza wimbo wake hata mmoja mpaka mwisho. Ukipigwa kwa jirani, yeye anafunga dirisha.

Sasa sikilizeni. Wiki moja kijana akamkuta mama yake akifunga kenkey, akachuchumaa karibu naye.

"Mama, mjomba kanipatia kazi bandarini. Anataka jibu Jumatatu."

"Ahsante Mungu! Si ndiyo hilo nimekuwa nikililia?"

"Jumamosi kuna shindano pale uwanja wa mpira. Njoo unisikie mara moja tu. Ukitoka pale ukaniambia niache, naacha. Jumatatu naenda bandarini, na sitabishana."

"Unaniapia?"

"Nakuapia kwa jina la marehemu baba."

Mama akamtazama. "Haya, nitakuja. Lakini jibu langu unalijua."

"Nalijua, mama. Njoo tu."

Mnaona jambo lilivyokuwa? Miaka tisa ya kijana ilikuwa imebaki kwenye kinywa cha mtu mmoja, na mtu huyo alikwenda uwanjani akiwa na jibu lake tayari. Alivaa vazi lake la kanisani, tena lile la Pasaka, akakaa kiti cha plastiki mstari wa mbele, mkoba mapajani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Huku na huku vijana wamejaa na mavuvuzela, wengine wameshika vipande vya mabati na mifuniko ya masufuria. Mama akajiambia, hawa wamekuja vitani.

Mwanawe akatoka. Suruali imechanika magotini, tena kwa makusudi! Mama akafumba macho. Halafu dijei akaachia mapigo, na kijana akaanza kuimba kwa Kiga, lugha ya jikoni kwao. Akaimba:

"Mlinitoa kwenye kwaya, koo mkaliacha kwangu.
Mlifunga mlango, mimi sikufunga mdomo."

Mama akafumbua macho. Kila neno alilielewa. Akakumbuka benchi la tatu. Akamtazama yule mtoto kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, mshipa wa shingo umemsimama, jasho linamtiririka, hamwogopi mtu. Na moyoni, bila ridhaa yake, mama akaona fahari. Alitaka kusikia mstari unaofuata.

Haukuja. Ghafla uwanja mzima ulilipuka. Mavuvuzela, mabati, mifuniko, watu wanaruka na kunyoosha vidole jukwaani wakipiga mayowe. Na dijei, pale pale, katikati ya ubeti, akaukata wimbo. Kimya kwenye spika. Kijana amesimama na maiki mkononi, mdomo wazi.

Haya niambieni. Yule mama aliomba nini miaka tisa? Bwana, mkatize. Na sasa amekatizwa, mbele ya watu maelfu, tena yeye mwenyewe akishuhudia. Si ombi limejibiwa? Mbona hakusema haleluya? Mbona hakuchukua mkoba wake akarudi nyumbani akiimba?

Mama aliinuka. Mkoba ukaanguka, akauacha hapo. Akampita mlinzi wa kwanza. Mlinzi wa pili akamshika mkono, akamwambia, "Mama, huku hakuruhusiwi." Sijui alimtazama vipi, ila yule mlinzi akaachia. Akapanda ngazi na vazi lake la Pasaka, akamnyang'anya mwanawe maiki. Mayowe yakapungua, watu wakashangaa, huyu bibi anatoka wapi?

"Ninyi!" akasema. "Ndiyo, ninyi na mabati yenu! Mmemkatiza kwa sababu gani? Huyu nimemzaa mimi. Nimemkataza mimi, miaka tisa, na ninayo haki. Ninyi mnayo haki gani? Hajamaliza hata ubeti mmoja mnampigia kelele! Leo ataimba. Ataimba mpaka mwisho, na asiyetaka kusikia aondoke, geti lile pale!"

Kijana wake akamsogelea, anacheka huku machozi yanamtoka, akamnong'oneza sikioni.

"Mama, hawajanifukuza."

"Usiwatetee! Nimeona kwa macho yangu!"

"Mama, nisikilize. Kwenye muziki huu, wimbo ukiwapenya watu sawasawa, hawawezi kungoja uishe. Wanapiga kelele ili dijei aukate, auanze upya, waufaidi tena tangu mwanzo. Kukatizwa hivi ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Miaka tisa nimeimba mpaka mwisho, hakuna aliyenikatiza."

Mama akabaki na maiki mkononi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Watu maelfu wanamwangalia. Kijana akamuuliza, na kwa maiki ile swali likasikika uwanja mzima, "Sasa jibu ni nini, mama? Niache?"

Mama akamrudishia maiki. "Anza mwanzo," akasema. "Na safari hii tamka vizuri, mstari wa tatu bado sijausikia."

Wakapiga mabati, ndugu zangu, nadhani mpaka leo wanapiga. Na bandarini mjomba akatafuta mtu mwingine.

Nyamazeni kidogo, msicheke sana. Sasa ni zamu yetu.

Yule mama alikosea. Hakujua desturi ya muziki ule, akawagombeza watu waliokuwa wanamheshimu mwanawe. Alikosea kabisa! Lakini nawaambia mimi, kosa lake lile nalitamani kuliko usahihi wetu sisi. Sisi tunajua desturi zote. Tunajua kikao kinaanza saa ngapi, nani anafungua kwa sala, nani anaandika muhtasari. Tunajua kukaa vizuri. Mtu wetu akinyamazishwa tunaangalia mikoba yetu, halafu tukifika nyumbani tunasema tutamwombea.

Mnadhani nasema habari za Ghana? Mwezi uliopita, kwenye kile chumba cha nyuma, tulimwondoa binti mmoja kwenye kwaya ya vijana. Kosa lake ni nini? Alicheza wakati wa sadaka mpaka kilemba kikadondoka. Basi! Na yule binti hakukatizwa kwa heshima, hakuna aliyepiga bati. Alikatizwa, akalia, akaenda kwao. Mama yake yumo humu ndani leo na alikuwemo siku ile, na simlaumu, kwa sababu aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile ni mimi. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliona kabisa kwamba tunamwonea. Nikaangalia saa, nikasema tufunge kwa sala.

Mchungaji wenu ndiye huyo. Nimeona haya mwezi mzima, na aibu bila kusimama haina faida kwa yeyote.

Jana nilikwenda kwao. Niliomba radhi kwake na kwa wazazi wake, nikiwa nimesimama, sikukubali kiti. Binti amekubali kurudi. Jumapili ijayo ataimba hapa mbele, na akitaka kucheza atacheza, kilemba kidondoke kisidondoke. Ninyi wazee wenzangu wa kamati mnaokunja uso pale nyuma, nawaona. Mwenye neno asiende kulisema kwenye kile chumba. Baada ya ibada mimi nitakuwa mlangoni pale, nimesimama. Alete neno lake hapo, mbele ya watu wote, na nitamjibu.

Amina? Sijawasikia. Amina?