Mkilua wa Kazija na Maji ya Wageni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na nini?"

"Palikuwa na nyumba."

"Ndani ya nyumba?"

"Chumba."

"Ndani ya chumba?"

"Utatwambia wewe!"

Haya, sogeeni motoni niwaambie. Na anayetaka kusinzia aende zake sasa hivi, maana mimi sirudii neno kwa ajili ya mtu anayekoroma.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji ukiitwa Chumvini. Visima vyake vyote vilikuwa vya maji ya chumvi. Maji matamu yalichotwa mbali, nyuma ya vilima, na mwanamke alipofika nayo nyumbani midomo ilikuwa imeshampasuka kwa jua. Kwa hiyo huko Chumvini hapakuwa na heshima kubwa kuliko kumpa mtu kata moja, kifuu chenye mpini, ya maji matamu.

Nao walikuwa na desturi yao. Mtu akifiwa, kila anayekuja kutoa pole hupewa kata ya maji. Hunywa nusu. Nusu ya pili humwagia kitu alichokipenda marehemu, akasema, "Asione kiu huko aliko." Akifa mhunzi, maji humwagwa juu ya fuawe lake la kufulia chuma. Akifa mzee, humwagwa juu ya jiwe alilokuwa akikalia mlangoni.

Fuawe haliumwi na maji. Jiwe haliumwi na maji. Lakini mti, jamani, ni kitu kingine.

Katika mji huo aliishi mwanamke jina lake Mize, na mtoto wake mmoja tu, Kazija. Kazija aliugua muda mrefu, hakuweza kutoka nje. Akamwambia mama yake, "Mama, nina hamu ya harufu ya ua la kilua."

Mize akateremka bondeni, akang'oa mche wa mkilua, akaupanda katika chungu kikuukuu kilichotoboka kitako, akauingiza chumbani.

Majirani wakamcheka. "We Mize! Mkilua ni wa uani. Nani kasikia mti kulala ndani?"

Akawajibu, "Uani kuna upepo wa chumvi na mbuzi wa mama mkwe wangu. Nyinyi mngelala wapi?"

Kazija akaulea mkilua wake. Aliuweka karibu na dirisha, upate jua la asubuhi, usichomwe na la mchana. Alikigeuza chungu, usije ukainamia upande mmoja. Aliyafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Na kabla ya kuupa maji alitia kidole udongoni. Udongo ukimganda kidoleni, alisema, "Bado umeshiba." Udongo ukiwa mkavu, aliumiminia taratibu mpaka maji yachuruzike chini.

Mkilua ukakua, ukatanua matawi, lakini ua haukutoa.

"Mwakani, mama," alisema Kazija.

Mwakani haukumkuta.

Mize aliporudi kutoka kuzika alisema, "Kitu cha mwanangu hakikai katika chungu kibovu." Akauhamishia mkilua kwenye mtungi mpya, mzuri, unaong'aa, usio na tundu hata moja. Akautia katikati ya chumba, mbali na dirisha, wageni wanapokaa. Kwa mapenzi, nyinyi. Kwa mapenzi matupu.

Na wageni wakaja. Wakaja majirani, wakanywa nusu, wakamwagia mkilua nusu. "Asione kiu huko aliko."

Mjusi akaita kutoka ukutani, "Mize, mama Kazija! Mimi nakaa juu, naona. Majani yamekuwa manjano. Waambie wasimwage."

Mize akasema, "Nyamaza, mjusi. Mtu kaja na pole yake, nimwambieje airudishe?"

Wakaja mashoga zake Mize, wakanywa nusu, wakamwaga nusu. "Asione kiu huko aliko."

Sisimizi wakatoka mbio mtunguni, mayai yao mdomoni. "Mize, mama Kazija! Sisi tunakaa chini, tunajua. Nyumba yetu imekuwa kinamasi. Waambie wasimwage."

Mize akasema, "Nyamazeni. Watasema nimekuwa mchoyo."

Wageni walipoondoka, Mize akasikia sauti nyembamba. Ulikuwa mkilua wenyewe, unaimba:

*Mama Kazija, mama Kazija,*
*nimekunywa ya juzi, nimekunywa ya jana,*
*miguu yangu inaoza,*
*waambie wasimwage.*

Mize akainama akanusa udongo. Ulinuka kama ndoo ya matambara yaliyosahauliwa. Akasema, "Vumilia. Kesho anakuja mama mkwe wangu, Bi Shinuna. Baada yake hakuna mgeni tena."

Mkilua ukasema, "Kata ya Bi Shinuna sitaivuka."

Kulipokucha Bi Shinuna akaja, na wanawake wa mji wakamfuata. Sasa Bi Shinuna ndiye bibi yake Kazija, mzaa baba. Ulimi wake mji mzima ulikuwa ukiuogopa, na hata mbuzi wake wakila shamba la mtu, mwenye shamba alitazama pembeni. Akaketi mkekani. Akapewa kata. Akanywa nusu. Akainua mkono amwage.

Mize akaudaka ule mkono.



"Mize! Unanishika mkono mimi?"

"Nakushika, mama. Usimwage."

"Mjukuu wangu unamnyima maji?"

"Kazija hayumo humu, mama. Humu mna mti, nao unazama."

"Subhana!" akasema mmoja nyuma. "Msiba umempanda kichwani."

"Msiba gani?" akasema mwingine. "Uchoyo huo."

Hapo Mize akapandwa na hasira, na mimi simlaumu. Akatia mkono mtunguni, akautoa umejaa tope, maji yanamtiririka mpaka kiwiko. "Tazameni! Mwanangu hakuupa mti huu maji bila kutia kidole kwanza. Nyinyi mmeingia humu mji mzima, nani katia kidole? Na mimi mwenyewe nimeambiwa, nikanyamaza, kwa kuogopa midomo yenu. Leo basi."

Bi Shinuna hakupepesa jicho. "Na hii nusu yangu niifanyeje? Nirudi nayo kwangu?"

"Inywe, mama. Umetembea juani, una kiu."

"Nani kakwambia nina kiu?"

"Midomo yako."

Bi Shinuna akamtazama Mize. Akaitazama kata. Kisha akainywa, akaimaliza.

Sasa mkononi hana kitu tena, na la kufanya hana. Kata tupu imelala mapajani. Siku ya maziko hakulia. Alikuwa akiamrisha nani alete sanda, nani akae wapi. Leo akafungua kinywa akaita, "Kazija! We Kazija!" kama mtu anayemwita mtoto aliyeko uani, na machozi yakamtoka mpaka ushungi ukalowa. Mize akaketi ubavuni pake, mkono na tope lake, wakalia wote wawili.

Walipokwisha kulia wakafanya kazi. Mize akautwanga mtungi kwa mchi ukapasuka, maji meusi yakatapakaa sakafuni. Bi Shinuna akashika kisu, akakata mizizi iliyooza, akaacha myeupe. Wakachanganya udongo na mchanga na samadi kavu. Wakautia mkilua katika chungu chenye tundu kitakoni, wakaurudisha dirishani, wakauacha bila maji mpaka udongo ukauke.

Baadhi ya wale wanawake hawakukanyaga tena kwa Mize. Ndivyo ilivyokuwa, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Majani yakapukutika yote, ukabaki kijiti kitupu. Mjusi kimya, sisimizi kimya, mkilua kimya. Mize akatia kidole, akangoja. Akatia kidole, akangoja. Akatia kidole, na asubuhi moja akaona jani, dogo kama ukucha wa mtoto.

Masika yalipopita Mize aliamka akasikia harufu nyumba nzima. Akatafuta ua asilione, maana kilua huning'inia chini ya majani na rangi yake haijisemi. Hakulichuma. Akamwita Bi Shinuna.

Bi Shinuna akasimama mlangoni. Akaifuata ile harufu kwa pua, taratibu, mpaka dirishani. Akainua jani moja kwa ncha ya kidole, akatazama, akalirudisha palepale.

"Mwakani umefika," akasema Mize.

"Umefika," akasema Bi Shinuna. "Sogea, nami nikae hapo."

Tangu siku ile, Chumvini, anayekwenda kutoa pole hunywa kata yake yote. Kisha humuuliza mfiwa, "Unataka nikufanyie nini?" Akakaa akangoja jibu.

Na funzo ni hilo. Ukitaka kumtendea mtu wema, muulize kwanza. Nawe unayetendewa, wema ukikuzidi, fungua kinywa useme. Kunyamaza kwako si adabu.

Hadithi nimeifunga, fundo nimelikaza. Mkiiona nzuri tugawane, mkiiona mbaya niachieni nilale nayo. Na yule aliyenung'unika kwamba hadithi yangu haina fisi: fisi yuko nje, amfuate.